Zamu ya Alfajiri

Mtoto wa mbwa wa miezi miwili akiingia leo katika nyumba ya Kiingereza au ya Kimarekani, kitakachowachosha wenyeji kabla ya viatu vilivyotafunwa na mikojo ya zuliani ni saa kumi na moja alfajiri. Saa hiyo kijibwa huwa kimeshalala vya kutosha. Hulialia, hukwaruza mlango, hubweka kidogo kwa majaribio, kisha hubweka kweli. Wakufunzi wa mbwa wamelizoea swali hilo: afanywe nini alale hadi saa moja? Mapazia mazito, vizimba vya waya na vifaa vinavyotoa mvumo wa kuzima kelele za nje vyote huuzwa kama jibu lake. Linalonishughulisha hapa ni jambo lililotangulia dawa hizo. Binadamu na mbwa wameishi pamoja kwa zaidi ya miaka 14,000, na kwa sehemu kubwa ya muda huo hakuna dalili kwamba kuamka kwa mtoto wa mbwa alfajiri kulihesabiwa kuwa shida ya kutafutiwa ufumbuzi. Hoja yangu ni kwamba mtoto wa mbwa ni yule yule. Kilichotoweka ni mtu ambaye zamani angekuwa tayari ameamka.

Tuanze na mnyama mwenyewe, maana lawama nyingi humwangukia yeye. Mbwa halali kama tulalavyo. Mwaka 1993 watafiti wawili wa Australia, Adams na Johnson, walichapisha matokeo ya kuwachunguza mbwa wa mjini usiku, wakakuta kwamba kwa wastani mbwa husinzia dakika kama 16, huzinduka dakika kama 5, kisha husinzia tena, na mzunguko huo hujirudia usiku kucha. Kwa hiyo mbwa anayesemekana amelala usiku mzima ameamka mara nyingi, ila hakuona sababu ya kutangaza. Mtoto wa mbwa anayo sababu. Kibofu chake ni kidogo na misuli ya kukizuia haijakomaa, tumbo lake limekwisha kusaga chakula cha jioni, na mwili wake wa kizazi cha wawindaji huchangamka mwanga unapobadilika, jioni na alfajiri. Juu ya hayo, ametengwa na mama na ndugu zake siku chache tu zilizopita, na hajawahi kuzinduka bila kugusa mwili wa mwenzake. Akizinduka saa kumi na moja katika jiko lenye giza na sakafu baridi, atafanya kile ambacho kingemwokoa porini: atapaza sauti hadi mtu aje.

Kwamba watu wa kale waliitikia sauti hizo, tunao ushahidi wa mifupa. Huko Oberkassel, karibu na Bonn, Ujerumani, lilifukuliwa mwaka 1914 kaburi la mwanamume na mwanamke waliozikwa na mbwa miaka kama 14,000 iliyopita. Uchunguzi wa meno ulionyesha kwamba mbwa huyo alikufa akiwa na umri wa miezi kama saba, na kwamba kabla ya hapo aliugua kwa wiki kadhaa maradhi yanayoelekea kuwa distempa. Mtoto wa mbwa mwenye distempa hadumu wiki kadhaa bila mtu wa kumpa maji, kumsafisha na kumtia joto, usiku na mchana. Watu waliomzika hawakuwa na mlango wa kumfungia nje wala ratiba ya kumchukia kwayo. Inaelekea walilala karibu naye, na aliyekuwa macho ndiye aliyemshughulikia.

Dhana hiyo ya aliyekuwa macho ina ushahidi mzuri kutoka Tanzania. Mwaka 2017 timu ya watafiti ilichapisha utafiti uliofanywa kwa Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi. Watu wazima 33 walivaa vifaa vya kupima usingizi kwa siku 20. Katika muda wote huo, dakika ambazo wote 33 walikuwa wamelala kwa pamoja zilikuwa 18 tu. Vijana walichelewa kulala, wazee waliamka mapema, mwenye mtoto mchanga alinyonyesha, mwingine aligeuza kuni motoni. Hakuna aliyepanga zamu, lakini zamu ilikuwepo. Watafiti waliona humo faida ya kiulinzi kwa watu wanaolala mahali pa wazi. Mimi naona pia mazingira ambamo mnyama mchanga angeweza kuzinduka saa yoyote na kukuta jicho la binadamu liko wazi.

Msomaji mkali atauliza kama nakubali hadithi ya usingizi wa zamani bila kuipima. Mwanahistoria Roger Ekirch, katika kitabu chake cha 2005 kuhusu usiku wa kale, alikusanya marejeo mengi kuonyesha kwamba Wazungu wa kabla ya viwanda walilala kwa awamu mbili: usingizi wa kwanza, saa moja hivi ya kuwa macho, kisha usingizi wa pili. Mwaka 2015 watafiti waliowapima Wahadzabe, Wasan na Watsimane wa Bolivia hawakuona mpangilio huo. Waliona usingizi wa mkupuo mmoja, wa kati ya saa 5.7 na 7.1, ambao kwa kawaida huisha kabla ya jua kuchomoza. Wataalamu hawajaafikiana, na sidhani hoja yangu inahitaji waafikiane. Ekirch akiwa sahihi, nyumba ya zamani ilikuwa na watu macho usiku wa manane. Wapinzani wake wakiwa sahihi, ilikuwa na watu macho kabla ya macheo. Kwa mtoto wa mbwa mwenye haja, lolote kati ya hayo lingetosha.

Pingamizi zito zaidi latoka kwa John Caius, tabibu wa Kiingereza. Mwaka 1570 alichapisha kwa Kilatini kijitabu kuhusu mbwa wa Uingereza, nacho kilitafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1576. Humo anawataja mbwa wadogo wa kupakatwa, waliopendwa na mabibi wa tabaka la juu na kulazwa hadi vitandani mwao, wakiaminiwa hata kupunguza maumivu ya tumbo kwa joto lao. Basi mbwa wa chumbani si uvumbuzi wa karne ya 20. Kweli, lakini tazama nyumba aliyomo mbwa huyo. Bibi wa hadhi hakumtoa mbwa nje yeye mwenyewe alfajiri. Alikuwa na kijakazi chumba cha pili na mpishi chini. Caius huyo huyo anamtaja mbwa wa jikoni, yule aliyezungusha gurudumu la kuchomea nyama, na kazi ya jiko kubwa ilianza nyumba nzima ingali gizani. Mbwa wa bibi na mbwa wa mpishi walitofautiana kwa cheo, lakini wote wawili waliamka katika nyumba ambayo tayari ilikuwa na nyayo zinazotembea.

Desturi inayoonyesha jambo hili kwa uwazi zaidi ni ile ya mbwa wa kuwindia mbweha. Katika mashamba makubwa ya Uingereza, watoto wa mbwa hao walipoachishwa ziwa hawakulelewa katika mabanda ya kundi. Waligawiwa wapangaji wa shamba, wauza nyama na wenye vijumba vya kijijini, wakae nao kwa miezi kadhaa kisha warudishwe kundini wakiwa wamekomaa. Mwenye kundi alipata mbwa aliyezoea kuku, ng'ombe, watoto na magari ya farasi. Mlezi alipata heshima na pengine zawadi siku ya maonyesho. Wasimuliaji wa uwindaji husifu desturi hiyo kwa kumzoeza mbwa mambo ya dunia, nao wana haki. Wanachopita haraka ni saa. Mkulima wa ng'ombe wa maziwa huwa zizini kabla ya mwanga, kwa sababu kiwele hakingoji. Kwake mtoto wa mbwa aliyelia saa kumi na moja alikuwa amechelewa, na mlango wa nyuma ulikuwa wazi tangu saa kumi. Shirika la mbwa wa kuongoza wasioona la Uingereza lilipoanza mwaka 1956 kuwakabidhi watoto wa mbwa kwa familia za kujitolea, lilifufua desturi hiyo ya zamani, lakini safari hii katika nyumba za mjini zenye ratiba ya ofisi na shule. Mnyama wa zamani alikuwa amepelekwa kwenye asubuhi mpya.

Je, asubuhi mpya ililetwa na viwanda? Ndilo jibu linalokuja kwanza, na lina jina kubwa nyuma yake. E. P. Thompson, katika makala yake mashuhuri ya 1967, alieleza jinsi saa ya ukutani ilivyowafunza wafanyakazi wa Uingereza kuuona muda kama mali ya mwajiri. Lakini nidhamu hiyo, kwa suala letu, ilifanya kinyume cha tunachokitarajia. Katika miji ya viwanda vya nguo huko Lancashire kulikuwa na waamshaji wa kukodiwa waliopita mitaani na fimbo ndefu wakigonga madirisha ya ghorofani ili watu wawahi lango la kiwanda. Mtaa mzima uliamka kabla ya jua. Hapo kijibwa hakikumkatizia mtu usingizi aliokuwa anauhesabu kuwa haki yake. Hata nyumba za watu wa kati, ambako bwana alitoka saa tatu, zilikuwa na mtumishi aliyeinuka gizani kuondoa majivu na kuwasha moto. Isabella Beeton, katika kitabu chake cha 1861 cha usimamizi wa nyumba, anaweka kuamka mapema miongoni mwa sifa za msingi hata kwa mama mwenye nyumba, na sifa hiyo ilimshukia mjakazi kwa uzito mara mbili.

Mabadiliko yenyewe, kwa maoni yangu, yalikuja kwa mafungu matatu yaliyokutana katikati ya karne ya 20. La kwanza ni kutoweka kwa mtumishi wa kulala ndani. Mwanzoni mwa karne hiyo watumishi wa nyumbani nchini Uingereza walizidi milioni moja. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia nyumba ya kawaida ya watu wa kati haikuwa naye tena. La pili ni umeme, ambao ulisogeza mbele saa ya kulala bila kusogeza saa ya kuchomoza jua. Jiko la gesi na vyombo vya kupasha nyumba joto viliondoa sababu ya mwisho ya mtu kuinuka kabla ya wenzake. La tatu ni mbwa mwenyewe kuhama kutoka banda la uani hadi ndani. Uhamisho huo una historia yake ndefu. Maonyesho ya mbwa yalianza Newcastle mwaka 1859, chama cha wafugaji kikaundwa London mwaka 1873, na mbwa wa nasaba akawa kitu cha fahari na cha bei. Hata hivyo distempa iliendelea kuwaua watoto wa mbwa kwa wingi, na wafugaji walikuwa na hofu kubwa kuliko kubwekewa alfajiri. Katika miaka ya 1920 Laidlaw na Dunkin, wakifanya kazi Mill Hill, London, walipata chanjo ya maradhi hayo. Mtoto wa mbwa aliyenunuliwa sasa alitarajiwa kuishi, na mnyama anayetarajiwa kuishi miaka kumi na mbili huanza kutungiwa kanuni za adabu.

Kanuni zilizotungwa zinafunua mengi kuhusu waliozitunga. Ushauri mmoja uliozunguka sana ulikuwa wa kuweka chupa ya maji moto na saa ya kengele iliyoviringishwa taulo ndani ya kitanda cha kijibwa, mlio wake uwe badala ya moyo wa mama. Sijui kejeli iliyo kamili zaidi ya hiyo: chombo kilichomfanya binadamu aamke kwa amri kilitumwa kumlaza mbwa. Ushauri wa pili ulikuwa mkali: muache alie. Huu haukuwa wa mbwa peke yao. Mwaka 1894 daktari wa watoto Emmett Holt wa New York alichapisha kitabu cha malezi kilichowafundisha kina mama kutokimbilia kila kilio cha mtoto mchanga, na baada ya nusu karne mwanasaikolojia B. F. Skinner alitoa lugha ya kisayansi kwa wazo linalofanana na hilo: tabia isiyotuzwa hufifia. Makala yake ya 1951 kuhusu kuwafunza wanyama ilisomwa mbali nje ya maabara. Kwa mantiki hiyo, mtu akishuka ngazi saa kumi na moja amelipa mshahara wa kubweka, na kesho kazi itafanywa tena.

Mantiki hiyo si ya kupuuzwa, na wanaoikataa moja kwa moja hawajamtazama mbwa mwenye akili akipanga asubuhi yake. Kijibwa kinachoamka na kupewa papo hapo chakula, mchezo na mazungumzo kitaikariri saa hiyo kwa ustadi wa kusikitisha. Tatizo ni kwamba kanuni inahitaji tabia iwe imejifunzwa. Kibofu kilichojaa hakikujifunza kujaa. Na hofu ya kuwa peke yake nayo ni ya umri. Katika maabara ya Bar Harbor, Maine, John Paul Scott na John Fuller walitumia miaka mingi kuwatazama watoto wa mbwa wa aina tano, mmojawapo akiwa basenji, mbwa wa asili ya Kongo. Kitabu chao cha 1965 kilionyesha kwamba kati ya wiki ya 3 na ya 12 hivi ndipo mtoto wa mbwa hujenga uhusiano wake na viumbe wengine. Wauzaji humtoa kwa mnunuzi katikati kabisa ya kipindi hicho, kwenye wiki ya 8 hivi. Basi nyumba ya kisasa ilimpokea mnyama akiwa katika wiki za kutafuta wenzake, ikamfungia jikoni, kisha ikashangaa kwa nini anaita. Waliosoma vizuri matokeo hayo walibadili mahali pa kulala badala ya kuzidisha ukali. Watawa wa New Skete, jimbo la New York, waliokuwa wakifuga mbwa aina ya German shepherd, walipendekeza katika kitabu chao cha 1978 kwamba mbwa alale chumbani mwa mwenyewe. Kizimba, ambacho kilienea katika nyumba za Marekani kwenye miongo iliyofuata, mara nyingi hushauriwa kiwekwe kando ya kitanda kwa sababu hiyo hiyo. Uswidi na Ufini, kwa upande wao, zimeweka mipaka ya kisheria juu ya kumfungia mbwa kizimbani nyumbani, kwa hiyo huko mwenye nyumba amelazimika kutafuta njia nyingine: uzio mpana, mlango wa chumbani kuachwa wazi, au mtu kulala sebuleni kwa wiki za mwanzo.

Wapo wanaosema mzizi wa yote ni mwanga, na historia nyingine yote ni mapambo. London mwishoni mwa Juni jua huchomoza saa kumi na dakika 43 alfajiri, na Desemba huchelewa hadi kupita saa mbili. Kwa msomaji wa Dar es Salaam, ambako macheo hayatofautiani kwa saa nzima mwaka mzima, hilo ni jambo la kuajabia. William Willett, mjenzi wa nyumba, aliandika mwaka 1907 kulalamikia watu wanaolala huku jua limeshapanda, na mwaka 1916, mwaka mmoja baada ya kifo chake, Uingereza ilianza kusogeza saa mbele majira ya joto. Bila sheria hiyo jua la Juni lingechomoza kabla ya saa kumi. Willett, asiyewafikiria kabisa, amewapa wenye watoto wa mbwa saa nzima, ambayo hunyang'anywa vuli saa zinaporudishwa nyuma na kijibwa cha saa kumi na mbili kinageuka ghafla kuwa cha saa kumi na moja. Lakini nadharia ya mwanga inakwama Januari. Giza likiwa bado nene, watoto wa mbwa wa London bado huita saa kumi na moja, kwa sababu walilazwa saa nne na kufikia hapo wameshalala vya kutosha. Pazia zito husaidia Juni. Linapokosa kusaidia, kosa si la pazia.

Pingamizi la mwisho latoka karibu na kwetu. Katika miji mingi ya Afrika Mashariki mbwa hulala nje, hufunguliwa usiku, hufungwa mchana, na katika nyumba za Waislamu wa pwani suala la kumlaza ndani halizuki kwa sababu ya hukumu za najisi na twahara. Huko hakuna anayetafuta mwongozo wa kumlaza mbwa hadi saa moja. Baadhi ya watu huona hapo ushahidi kwamba shida nzima ni deko la matajiri. Mimi naona ushahidi wa kile kile nilichosema juu ya mkulima wa ng'ombe. Mlinzi yuko getini usiku kucha, msikiti umeadhini, mama wa mandazi ameshabandika mafuta, na mtoto wa mbwa anayelia uani analia katikati ya watu walioamka. Penye nyumba ya ghorofa Nairobi yenye watu wawili wanaofanya kazi ofisini na mbwa mmoja mdogo ndani, malalamiko ya saa kumi na moja hujitokeza kama yajitokezavyo Manchester.

Kwa kuwa mtumishi wa alfajiri harudi, wenye nyumba wengi leo wamerudi kwenye zamu bila kuiita historia: mmoja hulala mapema na kuamka na mbwa, mwingine humtoa mara ya mwisho karibu na saa sita usiku, anayeamka alfajiri humpeleka nje kimya, bila taa kubwa wala mchezo, humrudisha, na chakula hungoja saa yake. Wakufunzi wa shule zote, wakali kwa wapole, wanadai kwamba mbinu yao ndiyo iliyofaulu. Madai hayo ni magumu kuyapima, maana mtoto wa mbwa hukua wakati anafunzwa. Kufikia miezi minne au mitano wengi wao huweza kukaa usiku mzima bila kutoka, wawe wamelazwa na saa ya kengele taulini, wameachwa walie, wamefungiwa kizimbani au wamelala miguuni pa mtawa, na kitabu kilichokuwa mezani wiki ile ndicho kilichochukua sifa.